Buti za Kupandia Ukweni

Wanakwaya wenzangu, nimechoka kusimulia safari hii kipande kipande. Mmoja nimemsimulia bombani, ndoo yake ilipojaa akaondoka. Mwingine nimemsimulia nikiwa na pini mdomoni namshonea gauni, akaelewa nusu, na ile nusu nyingine akaitunga mwenyewe. Sasa naambiwa kuna habari inazunguka Kimamba nzima kwamba nilibebwa na tembo. Sikubebwa na tembo. Nimeamua kuandika yote mara moja, mwenye kutaka asome, na asiyetaka abaki na tembo wake.

Kwa nini nilitoka nyumbani

Wengi wenu mnamjua Festo. Kaka yangu alipofariki aliniachia mtoto huyu, na mimi Mungu hakunijalia wa kuzaa, kwa hiyo nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Leo ni fundi umeme mwenye ndevu. Alikwenda Mikumi kufunga taa kwenye nyumba moja ya wageni, akamkuta jikoni binti anaitwa Teodora, na tangu siku hiyo taa za nyumba ile zikawa zinaharibika kila wiki na lazima yeye ndiye aende kuzitengeneza.

Kwao Teodora ni juu mlimani, nyuma ya Mikumi, kijiji ambacho sitakitaja maana wenyewe hawapendi kusemwa. Posa ya kwanza tuliipeleka kwa simu. Chekeni tu. Festo alisema siku hizi ndivyo mambo yanavyokwenda, nami nikampigia baba yake binti, Mzee Mikaeli, nikamwaga maneno yangu yote mazuri nikiwa nimeketi kwenye cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mama, mlima wetu haupandwi kwa simu," akakata.

Baadaye Teodora akatuletea habari kwa siri. Tumepewa nafasi moja tu. Jumamosi, kabla jua halijapinduka, tufike mlangoni kwa baba yake kwa miguu yetu, kama watu. Tusipofika, Jumapili wanapokea ujumbe mwingine, wa bwana mmoja mwenye lori ambaye washenga wake walikwisha kuahidi kupanda. Festo aliposikia hayo akasukuma sahani ya wali. Festo, ambaye hata siku ya msiba wa baba yake alikula. Nikajua hapa lazima nipande.

Mshenga wetu alikuwa Mzee Kulwa. Huyu ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, akakaa upande wa pili wa mashamba ya mkonge ya zamani, akawa rafiki wa kaka yangu mpaka kaburini. Mimi ni Msagara, kwa hiyo sisi ni watani. Namwamkia shikamoo kwa sababu ya umri wake, anaitika marahaba kwa adabu zote, halafu hapo hapo ananitukana mbele za watu na mimi nalazimika kucheka. Nadhani kaka aliniachia urafiki huo makusudi ili nisipumzike.

Kimamba mpaka Kilosa: kutafuta kiatu

Miguu yangu mnaijua. Msijifanye hamuijui, nimewasikia mkiisema kwenye mazoezi ya kwaya. Navaa arobaini na mbili, na hiyo ni siku ambayo sijasimama sana. Tangu shule ya msingi nimeitwa Mitumbwi, na tangu hapo nashona magauni yangu marefu mpaka yanafagia. Nakaa siku nzima nikipima vifua na viuno vya watu, lakini miguu yangu mwenyewe sikumbuki mara ya mwisho kuiwekea futi.

Kwa ajili ya mlima, Festo alinipa buti zake za kazini, zile zenye chuma mbele. Nikazijaribu uani. Mimi nilikuwa natangulia, buti zinafuata baadaye. Tukazijaza magazeti, zikawa zinafuata huku zinapiga kelele. Mzee Kulwa akasema natembea kama mtu anayekanyaga vyura, na akaomba tusipite karibu na ng'ombe wake. Ndipo tukaamua, mimi na Mzee Kulwa tu, maana mposaji hubaki nyumbani, tuondoke Ijumaa alfajiri, tupite Kilosa sokoni, ninunue kiatu cha mlima cha kunitosha, halafu tuendelee mpaka Mikumi tulale hapo.

Tulikodi pikipiki, ya Mzee Kulwa ikatangulia, yangu ikafuata, na tulifika Kilosa wauzaji wa mitumba wanafungua marobota. Sasa, mnajua desturi ya wale wauza viatu. Kila jozi hufungwa pamoja kwa kamba zake, ili mtu asikimbie na kimoja na kingine kisipotee. Ukitaka kujaribu, unavaa vyote viwili vikiwa vimefungwana, unasimama juu ya boksi kama mbuzi aliyefungwa miguu. Kutembea huwezi. Mimi niliruka mara moja tu ili nisikie vinavyokaa, nikaangukia rundo la sidiria za jirani yake.

Kilosa hakuna mtu anayenunua kitu peke yake. Nilipoinuliwa kutoka kwenye sidiria nilikuwa na washauri soko zima. Mama muuza nyanya akabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba na kusema vidole vyangu vinatakiwa vipumue. Bwana mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akakunja soli na kuinusa, akasema kiatu kinachonuka ndicho kizuri, kimeshatembea, kinajua njia. Mzee Kulwa akauliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: suruali tunaipima shingoni, soksi tunaizungusha kwenye ngumi, sasa kiatu tunakipima wapi? Akajaribu kukipima kwenye uso wangu, kutoka kidevuni mpaka kwenye paji la uso, na kutangaza kwamba kinanitosha lakini pua itakaa nje.

Zilibaki jozi mbili. Moja ilikuwa ya kiume, ya kahawia, pana, mbaya kama uso wa Mzee Kulwa asubuhi. Nilipoitumbukiza miguu ikatulia kimya, haikulalamika popote. Ya pili ilikuwa ya kike, nyembamba kiunoni, ina kamba nyekundu zinazopita kwenye vitundu vya shaba. Ile ilikuwa arobaini. Muuzaji akauliza kwa sauti ya kusikika stendi, "Mama unavaa namba ngapi?"

Mzee Kulwa alikuwa amesimama pale. Mama wa nyanya alikuwa amesimama pale. Yule bwana wa baiskeli alikuwa hajaondoka. Nikasema arobaini.

Iliingia. Sisemi iliingia vizuri, nasema iliingia. Ilikuwa asubuhi, kuna ubaridi, miguu yangu ilikuwa imelala vizuri na haijavaa hata soksi. Muuzaji akanihakikishia kwamba ngozi ile leo itanibana, kesho itanizoea. Soko lote likaitikia, na hata mimi nikaitikia, maana ndivyo tulivyolelewa: kiatu kipya kisipouma siku ya kwanza, hujanunua kiatu, umenunua soksi. Nikatoka pale nikitembea kwa madaha, na madaha yenyewe yalikuwa kwa sababu vidole havikuwa na nafasi ya kufanya kitu kingine.

Kilosa mpaka Mikumi: lori la mpunga

Gari la abiria lilikuwa limeondoka, tukapata lori la mpunga. Dereva alinipa nafasi mbele, Mzee Kulwa akakaa juu ya magunia akiimba nyimbo za ng'ombe. Tulikwenda vizuri mpaka kijiji cha Ulaya, pale mkanda wa injini ukakatika. Mzee Kulwa akapiga simu kwake hapo hapo kuwajulisha wake zake kwamba yuko Ulaya na mtani wake, na buti za mtumba zimefika kwao kusalimia ndugu.

Dereva alisema mkanda mwingine unaletwa kutoka Kilosa, uko njiani. Wote mnajua "uko njiani" ni wapi. Tulikaa chini ya lori kwa sababu ndiko kulikuwa na kivuli. Mama mmoja akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, na mwingine akaja na maharage yaliyoungwa kwa nazi, nikala kama mtu anayelipiza kisasi. Nikaona nitumie muda huo kuzizoeza buti. Nikawa nazunguka lori. Nilizunguka mpaka watoto wa shule waliokuwa wanarudi nyumbani wakakaa chini kunitazama, wakidhani ni dawa ya kutengenezea gari.

Jua lilipozidi kuwaka, miguu ikaanza kukua. Niliisikia ikikua, kama unga wa maandazi uliofunikwa kwa kitambaa. Mzee Kulwa alikuwa amenyoosha miguu yake kwenye katambuga alizokata mwenyewe kutoka kwenye tairi, ananitazama kwa huruma ya uongo. Akasema Wasagara tunajulikana, tukishindwa kupata akili tunanunua kamba nyekundu. Nikamjibu kwamba mimi angalau navaa kiatu, yeye amevaa ajali ya gari. Dereva alicheka mpaka akadondosha spana, na kwa muda kidogo nikasahau vidole vyangu.

Mkanda ulifika jioni. Nilipopanda tena kwenye lori nilitamani kuvua buti, lakini nikajiuliza, zikitoka, zitarudi? Nikazilegeza kamba tu, nikaziacha.

Mikumi: malalamiko ya nyani

Lazima niwaeleze nilivyokuwa nimevaa, maana ndiyo chanzo cha balaa. Kwa ajili ya safari nilijishonea sketi ndefu ya kaki na shati lake la mifuko miwili, kofia pana ya kitambaa hicho hicho, na sasa chini kulikuwa na buti. Mimi nilijiona mama wa heshima anayekwenda kuposa. Mikumi, mji ulio ubavuni mwa hifadhi, waliona kitu kingine.

Tulikaa kwenye kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, nikaagiza ugali na samaki. Mwenye kibanda aliniangalia chini mpaka juu, akaweka mwiko, akaniamkia shikamoo afande. Akaanza kunieleza habari za nyani. Kuna nyani mmoja dume, amekatika mkia, anakuja kila siku saa ya chai na kuchukua maandazi, na akinyimwa anachukua sufuria. Akataka kujua serikali inasema nini.

Nikamwambia mama, mimi ni fundi cherehani. Akamkonyeza mwenzake na kusema sasa wameanza kuja kwa siri. Ningeweza kulimaliza hapo, lakini nina mtani. Mzee Kulwa akajisogeza, akasema kwa sauti ya chini ya mtu mkubwa kwamba afande amechoka na safari, lakini anasikiliza. Basi wakaja. Mmoja tembo wamemlalia mahindi. Mwingine ngiri wamechimba viazi. Bwana mmoja alilalamikia mbuzi wa jirani yake, tukamwambia huyo hayuko kwenye idara yetu. Samaki wangu aliletwa wawili, na wa pili sikumwagiza.

Niliona aibu, ndiyo, lakini pia nilikuwa na njaa. Yule mama nilimpa ushauri wa kweli wa kifundi: ashone mfuniko wa turubai wenye kamba ya kukaza, nyani hajui fundo la kitanzi. Nikamkatia na kielelezo kwenye mfuko wa plastiki. Alinishukuru sana, na nasikia anautumia.

Ubaya ulikuja asubuhi, pale gesti tulipolala. Nilikuwa nimelala na buti. Ndiyo, nimelala nazo, kwa sababu nilipojaribu kuzivua kifundo kilisema hapana, na mimi nikasema basi kesho. Nilipofungua mlango nilikuta watu wanasubiri na mabua ya mahindi yaliyovunjwa, wanataka afande akaone shamba. Shamba lilikuwa upande wa pili kabisa, na jua lilikuwa linapanda. Nikawaomba radhi, nikawaapia kwa jina la kwaya yetu kwamba mimi ni mshonaji na nakwenda kumposea mtoto wangu. Wakanisikiliza kwa makini, kisha mmoja akawaambia wenzake kwamba haya ndiyo mafunzo yao, hawakubali mpaka mwisho. Ilibidi tupitie jikoni, tuvuke banda la kuku, tupande pikipiki nyuma ya choo. Mzee Kulwa alikuwa na manyoya ya kuku kichwani mpaka juu mlimani.

Kupanda

Pikipiki zilitushusha barabara ya Ifakara mpaka pale njia ya miguu inapoanzia. Hapo dereva wangu akautazama mlima, akatazama buti zangu, akasema Mungu awe nanyi.

Hatua za mwanzo nilijipa moyo. Baadaye nikaacha kujipa moyo nikawa najipa matusi. Kwenye mwinuko kisigino kinasuguliwa, kwenye mteremko mdogo vidole vinagonga mbele, na mahali pa tambarare, ambapo palikuwa pachache, vyote viwili vinakumbushana. Kina mama wa kijijini walikuwa wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, miguu mitupu, wanaongea habari za harusi ya mtu. Walitupa pole ya safari. Mmoja akaniuliza kama naumwa mgongo.

Kilichoniokoa ni kwamba mwenzangu alikuwa na hali mbaya zaidi. Mzee Kulwa ni mtu wa mbuga. Kwao unasimama mlangoni unaona ng'ombe wa kijiji cha tatu. Hakuwahi kutembea mahali ambapo upande mmoja kuna ukuta na upande wa pili kuna hewa. Mwanzoni alinyamaza, jambo ambalo lilinitisha. Kisha njia ilipobana ukingoni, akashuka kwa magoti na kuendelea kwa mikono na miguu, kofia mdomoni. Nikamuuliza kama anachunga au anachungwa. Akafumba macho. Nikaona hili si la utani, nikapita upande wa korongo, nikamshika mkono, nikamwambia aangalie bega langu tu. Tukapanda hivyo, mimi nikimwegemea kwa sababu ya miguu na yeye akiniegemea kwa sababu ya macho.

Karibu na kijiji kuna kijito. Kila mtu mwenye akili huvua viatu hapo. Mzee Kulwa alivua, akavuka, akajikausha kwa shuka lake na roho ikamrudia. Mimi nikatazama jua. Lilikuwa limebaki kidogo tu lifike utosini. Nikahesabu muda wa kufungua kamba, kuvuta, kulia na kuvaa tena, nikaona Jumapili itanikuta pale pale. Nikaingia majini na buti zangu. Maji yalikuwa baridi na matamu, nilitamani nikae humo mpaka harusi.

Mlangoni

Tulifika jua lingali upande wetu. Mzee Mikaeli alikuwa amesimama uani, mrefu, koti jeusi, hana haraka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na nikaona kwamba kutukuta hapo kumemfurahisha kidogo. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa na harufu ya kuku wa kienyeji inatoka jikoni. Nyuma ya pazia kulikuwa na minong'ono ya kina mama, na nikajua katika hao yumo Teodora. "Karibuni ndani," akasema.

Mzee Kulwa alitupa katambuga zake mlangoni, akaingia na kuanza hotuba. Mimi nikainama kizingitini. Mafundo ya kamba nyekundu yalikuwa yamelowa na kukaza. Niliyafungua kwa meno ya funguo. Nikavuta buti ya kulia. Nikavuta ya kushoto. Nikasimama, nikajifanya natazama mandhari, nikavuta tena. Ngozi ilikuwa imenywa maji, na miguu ilikuwa imevimba tangu Ulaya. Hakuna kilichosogea isipokuwa mimi.

Mzee Mikaeli akaniuliza taratibu kama viatu nabaki navyo. Na mimi, kwa kiburi changu cha kishonaji, nikamjibu kwamba niko sawa hivi hivi.

Nilikuwa sijui. Kule kwao mjumbe wa posa asiyevua viatu mlangoni anasema bila kusema: hatukai, tumekuja kuvunja maneno. Minong'ono nyuma ya pazia ikakatika. Bibi mzee aliyekuwa pembeni, mama yake Mzee Mikaeli, akachukua kawa na kufunika chakula. Hata Mzee Kulwa akaacha hotuba katikati, akanigeukia, na usoni mwake niliona anajiuliza kama nimebadili mawazo njiani bila kumwambia.

"Basi wageni wana haraka," alisema Mzee Mikaeli. "Hatuwacheleweshi."

Nikamwona moyoni Festo wangu kule nyumbani akisukuma tena sahani. Nimeficha miguu hii maisha yangu yote, na sasa ilikuwa inamkosesha mtoto mke. Nikakaa chini palepale kizingitini, mbele ya wote, nikanyoosha miguu.

"Baba, viatu havivuliki. Nina mguu mkubwa, nikaona aibu sokoni, nikanunua vidogo."

Wote wakazitazama buti. Kisha yule bibi akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichopanda pole pole mpaka kikamfanya akohoe, akaagiza yaletwe mafuta ya alizeti. Ilikuwa vurugu. Bibi akamimina mafuta ndani ya buti kama anayekaanga, Mzee Kulwa akanishika makwapani, Mzee Mikaeli akavua koti, akakamata kisigino na kuvuta. Buti ya kulia ilitoka kwa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa, na baba mkwe mtarajiwa akaenda nayo kinyumenyume mpaka katikati ya kuku. Ya kushoto ilikataa katakata, ikabidi ichanwe kwa kisu.

Miguu ilipotoka, kicheko kilikwisha. Visigino vilikuwa nyama tupu. Mzee Mikaeli alikuwa bado amekaa chini na buti mapajani, akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimepanda hivyo kutoka chini. Nikamwambia nimekuja hivyo kutoka Kilosa. Akaiweka buti pembeni. Aliinuka, akajipangusa, akanishika mkono mwenyewe kuniingiza ndani, na bibi akafunua chakula.

Lakini chakula kufunuliwa si jibu. Jibu hutoka kwa binti. Huitwa mbele ya wazazi, huulizwa kama anawajua wageni. Akisema anawajua, posa imepokelewa. Akisema hawajui, mnakula kuku wenu kwa adabu na kushuka.

Teodora akaitwa. Alikuja na khanga kichwani, akapiga magoti, akatuamkia macho chini. Ni mrefu kama baba yake. Baba yake akamuuliza, "Wageni hawa unawajua?"

Aliinua macho. Akamtazama Mzee Kulwa na manyoya yake ya kuku. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeivuta sketi ili nifunike miguu, lakini vidole vilikuwa nje. Alivitazama vidole. Kisha akanyanyuka na kutoka nje bila kusema kitu.

Mama yake akaweka mkono mdomoni. Mzee Kulwa akaanza kusali kwa Kisukuma. Mimi niliumia moyo kuliko visigino. Nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia Festo na sikupata hata moja.

Tukasikia maji yakimwagika uani. Teodora akarudi ameshika jozi ya viatu vya plastiki vya shambani, vya kijani, ametoka kuviosha tope, vinadondosha maji sakafuni. Akapiga magoti mbele yangu, akaukamata mguu wangu wa kushoto kama anayeshika yai, akauvika. Ukaingia. Kisigino kikakaa, pembeni hakuna kinachobana, mbele ikabaki nafasi ya kidole gumba. Akavika na wa pili. Sijawahi kuvaa kiatu cha mwanamke mwenzangu kikanitosha. Alipoinuka nikatazama chini ya pindo la gauni lake, nikaiona miguu yake mitupu kwenye sakafu. Ilikuwa kama yangu, mipana, mirefu, imekaa imara, wala hakuwa ameificha.

"Teodora," baba yake akasema, "nimekuuliza."

"Shangazi atashuka na hivi, baba," akajibu. "Nitavifuata mwenyewe Kimamba."

Nyuma ya pazia vigelegele vikalipuka. Mzee Kulwa akajifuta machoni akilaumu moshi wa jikoni, na jikoni moto ulikwisha kuzimwa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sina wa kumlaumu. Nikaishika sketi yangu ya kaki, nikaipandisha mpaka juu ya vifundo, nikanyoosha miguu katikati ya mkeka ili wakwe wote waione.